Sapoti ya mkono inayoshika dole gumba: miezi miwili nayo, haya ndo niliyoyaona

Wanachuo wengi huku Malimbe, Mwanza, wanalalamika mkono unauma upande wa dole gumba, naandika kwa ajili yao kabla hawajapoteza hela kama nilivyopoteza mimi.

Sina laptop. Ripoti yangu nzima ya fildi nimeichapa kwenye simu, nimelala chali geto, simu kubwa mkono mmoja na dole gumba ndo linafanya kila kitu, likitoka kwenye asaimenti linaingia kuskroli mpaka saa nane usiku. Baada ya muda kukamua nguo nikashindwa, kuinua ndoo, kusonga ugali, hata kuzungusha kitasa, panachoma pale chini ya dole gumba mpaka machozi.

Nikaenda Makoroboi nikachukua kwa machinga ile sapoti ya kuvaa kama soksi, elfu tano. Wiki tatu hamna kitu, maana inabana kifundo tu, dole lenyewe liko huru linaendelea na kazi zake.

Bumu (hela ya mkopo wa chuo) lilipotoka nikaenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Akaniambia nikunje dole gumba ndani ya kiganja, nifunge ngumi, halafu niinamishe mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Aisee nilipiga kelele. Akasema kuna kano mbili za dole gumba zinapita kwenye kiala chembamba, yaani kama kifuko, pale kifundoni, ukilitumia dole sana bila kupumzika kiala kinanenepa, kano zinapita kwa shida. Inaitwa De Quervain, jina la daktari wa Uswisi aliyeielezea mwaka 1895, kwahiyo sio simu peke yake, hata kina mama wenye vichanga inawapata sana kwa kule kunyanyua mtoto. Ila kama wewe ni ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huo ni mshipa wa fahamu unabanwa, sapoti yake ni nyingine, usinunue hii.

Hii sapoti ya kushika dole nimeipata duka la vifaa tiba, elfu 35. Ina kibati ndani kinachotoka mkononi mpaka kwenye dole, na mikanda mitatu ya kunata. Pima mzunguko wa kifundo kabla hujalipa, mimi ya kwanza ilinipwaya nikarudi kubadilisha. Joto la mchana inatoa jasho balaa na ukingo wake unachubua kwenye dole, nikashonea kipande cha kanga ikatulia. Jumamosi moja nilienda kumsaidia mama dagaa pale Mwaloni nikiwa nimeivaa, vichwa vya dagaa vikanasa kwenye ile ya kunata, nimevitoa na sindano kimoja kimoja na harufu imekaa siku mbili. Ukifua toa kibati kwanza, anika kivulini.

Wiki ya pili nikawa nalala bila maumivu. Wiki ya tano nikakamua shuka mwenyewe, nilifurahi jamani! Lakini katikati hapo nilihamishia kuchapa mkono wa kushoto, nao ukaanza kuuma, ndo nikakubali kubadilika kabisa: simu inakaa mezani imeegemea kikombe, nachapa kwa vidole vya shahada vyote viwili, na maelezo marefu naongea simu inaandika yenyewe, Kiswahili inakielewa vizuri tu.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa sababu ya mkanda wa juu, miezi miwili tu na ushaanza kuachia.