Sisimizi wa Kuanza Naye Nairobi: Mrembo, Mwenye Kasi au Huyu Mpole wa Ukutani?

Habari za saa hizi, watu wangu, karibuni tena. Mlionizoea mnajua hapa huwa tunapima vitu vya nyumbani: jiko la gesi, blenda, taa za sola. Leo bidhaa yenyewe ina miguu sita na haina risiti. Tangu nionyeshe kile kichupa kwenye video ya mwezi uliopita, swali limekuwa lile lile: "Brathe, nami nataka kufuga sisimizi, nianze na yupi?"

Nitajibu mapema, mwenye haraka aende zake. Anza na huyu. Ngoja kamera ishike... huyo hapo. Jina lake la kitaalamu ni Camponotus maculatus. Ni sisimizi mkubwa, miguu mirefu, rangi kama chai ya maziwa ikielekea kahawia, na huku nyuma tumboni ana madoa ya manjano. Umeshamwona mara nyingi bila kumjua jina. Ni yule anayetembea usiku kwenye ukuta wa jikoni, peke yake, kama mlinzi wa zamu. Ukiwasha taa anasimama kwanza, anapunga vipapasio, halafu anatimua mbio. Hana mwiba wa kudunga. Ukimbana atakuuma kwa taya na kukurushia asidi kidogo, basi, mmemalizana.

Sababu ya kumchagua ni moja: huyu anakubali kusahauliwa. Malkia wengi wanaofia mikononi mwa wanaoanza hawafi njaa. Wanachunguliwa mpaka wanakata tamaa.

Nieleze kidogo hapo. Malkia wa aina hii akishakutana na madume angani, anatua, anayang'oa mabawa yake mwenyewe, anajichimbia mahali na kujifungia ndani. Hatoki kutafuta chakula. Ile misuli mikubwa ya kifuani iliyokuwa ya kurukia, haina kazi tena, kwa hiyo mwili unaiyeyusha. Hiyo pamoja na mafuta aliyobeba ndiyo anawalishia watoto wa kwanza. Wiki kwa wiki, hali kitu. Kwa hiyo wewe unayesimama na kijiko cha asali mkononi ukimwonea huruma, huruma yako ndiyo inayomvuruga. Anachotaka ni giza, maji na utulivu.

Mimi hilo nililijua kwa hasara. Malkia wangu wa kwanza nilimpata kwenye baraza usiku, mvua kubwa ya mwezi wa nne ilikuwa imenyesha mchana. Nikamweka kwenye kichupa, nikakiweka juu ya friji. Niliona ni pahali pa heshima, juu, watoto hawafiki. Siku ya tatu akataga mayai manne. Nikaita jirani, nikaita watoto wa jirani, nikawasha tochi ya simu. Siku ya tano mayai yakawa mawili. Ya saba, hakuna. Alikuwa anayala! Malkia akiona hapakaliki, anayarudisha mayai tumboni, akiba yake isipotee. Na friji, fikiria, kila mota ikiwaka pale juu panatetemeka. Nilikuwa nimempangisha juu ya posho mill.

Malkia wa pili nilimficha ndani ya soksi nyeusi kwenye kabati la nguo, karibu na ruta ya intaneti, ile inayotoa joto kidogo bila kutetemeka. Nilimwangalia mara moja kwa wiki, Jumapili, dakika moja. Wiki ya tisa nikakuta wafanyakazi watatu, yaani wale watoto wa kwanza wamekomaa, wadogo, wamepauka, wanatembea kama wametoka kuamka. Wiki tisa ni nyingi, najua. Kwenye nchi ya joto wangetoka mapema zaidi, lakini sisi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na ule Julai wetu mnaujua. Baridi haiwaui hawa, inawachelewesha tu.

Vifaa havizidi bei ya sahani mbili za nyama choma. Chukua neli ya majaribio, ile ya maabara ya shule. Jaza maji robo au theluthi, sukuma pamba ndani mpaka iyaguse na kulowa, maji yabaki nyuma ya pamba. Malkia anaingia upande mkavu, unaziba mlango kwa pamba kavu. Imeisha. Pamba ya ndani inampa unyevu, ya nje inapitisha hewa. Usiweke udongo, utaota ukungu na hutamwona tena. Ukitaka kumtazama bila kumsumbua, funga neli kwa ile karatasi nyekundu inayopenya mwanga ya kufungia zawadi, maana sisimizi hawaioni vizuri rangi nyekundu. Kwao ni kama usiku.

Samahani, hiyo ni matatu. Dereva huyu kila siku saa hizi lazima apige honi ile ya wimbo mzima.

Tuje kwa wapinzani wake. Wengi mnaoniandikia mnamtaka yule mrembo, Messor cephalotes, mvunaji mkubwa wa kahawia-nyekundu. Sikatai, ni mdudu wa kuvutia. Malkia wake ana urefu wa sentimita mbili na zaidi, mnene, mwekundu. Wafanyakazi wake wanabeba mbegu, wanazimenya, wanazitafuna ziwe unga mlaini na kuwalisha watoto. Yaani wana ghala na wana kinu. Huko Ulaya watu wanamlipia malkia mmoja hela ya kununua mbuzi wazima.

Lakini hapo ndipo pana mahakama. Mwezi wa nne 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa kaunti ya Nakuru wakiwa na sisimizi kama 5,000, wamepangwa ndani ya neli zaidi ya 2,200 zenye pamba, hizi hizi ninazowaonyesha. Wengine wawili, Mvietnamu na Mkenya, walishtakiwa kwa kesi nyingine ya namna hiyo. Tarehe 7 Mei mahakama ya pale uwanja wa ndege wa JKIA ikawahukumu wote wanne: faini ya shilingi milioni moja kila mtu, au mwaka mmoja ndani. Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya 2013, mdudu ni mnyamapori kama twiga alivyo. Watu walicheka mitandaoni, eti ndovu wamekwisha sasa tunalinda chungu. Mimi sikucheka. Ukichimba malkia 5,000 umeondoa makoloni 5,000, yaani jamii nzima nzima za sisimizi, ambayo yangesambaza mbegu na kulegeza udongo kwa miaka.

Kwa hiyo Messor mwache porini. Na hata kwa huyu wangu wa ukutani, usichukue neno la mtu wa video. Pita makao makuu ya KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, Lang'ata Road, uulizie ruhusa kabla hujaweka mdudu kwenye neli. Na kuuza au kutuma nje, hilo wazo liache hapo hapo lilipokujia.

Mpinzani wa pili ni mwenye kasi. Pheidole, wale wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa kuliko miili yao. Hawa wanazaliana upesi kweli, na kila siku kuna jambo la kutazama. Niliwafuga miezi minne. Siku moja nikasahau kukaza kifuniko, asubuhi kukawa na barabara ya sisimizi kutoka rafu yangu, kupitia dirishani, mpaka jikoni kwa jirani wa chini.

Mama Kevo akapanda ngazi na pakiti ya sukari mkononi. "Baba, hawa ni wako?"

"Pole sana, mama. Ni wangu."

"Sasa wewe watu wanafuga kuku, wewe unafuga hawa? Nikuulize, wanataga?"

"Wanataga, mama."

"Basi hayo mayai utanilipa nayo sukari yangu."

Nilimlipa kilo mbili, na bado akinikuta ngazini ananiuliza mayai yameiva lini.

Hilo la sukari ni dogo. Kuna jamaa wa ukoo huo, Pheidole megacephala, mgeni hapa bara, ambaye amefika Laikipia na kufanya maajabu. Kule kuna miiba ya mlio, ile migunga yenye vinundu vinavyopiga mluzi upepo ukivuma, mnaiona hata Nairobi National Park. Ndani ya vinundu wanakaa sisimizi wanaoilinda: ndovu akipeleka mkonga, wanamwingia puani. Huyu mgeni alifika, akawaua walinzi. Ndovu wakaivunja miti, uwanda ukabaki wazi, simba wakakosa pa kujifichia wakiwinda punda milia. Utafiti uliotoka Januari 2024 kutoka Ol Pejeta, hifadhi ya huko huko Laikipia, ulionyesha kwamba kati ya 2003 na 2020 sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na nyati wakapanda kutoka sifuri hadi asilimia 42. Mdudu wa milimita chache kambadilishia simba chakula. Kwa hiyo nikisema usifuge kitu ambacho kikikutoroka kitahamia pahali pasipo pake, ndicho ninachokisema. Camponotus wangu akitoroka, amerudi ukutani alipokuwa.

Wa tatu ni yule wa video za Ulaya, Lasius niger, mweusi mdogo. Kwao ndiye anayesifiwa kwa wanaoanza, na wana haki: malkia mmoja aliyefugwa aliishi karibu miaka 29. Miaka 29! Ila anahitaji kulala miezi ya baridi kali kila mwaka, na kumwingiza nchini bila kibali ni kosa lingine kabisa. Mwacheni kwao.

Siafu? Hapana. Malkia wao hana mabawa, hatawahi kukuangukia barazani, na koloni lao ni mamilioni ya wadudu wanaohamahama. Utawaweka wapi, kwenye bafu?

Na tafadhali, mvua ikinyesha msiniletee picha za kumbikumbi mkidhani ni malkia. Kumbikumbi ni mchwa. Mtazame: mabawa yake manne yanalingana urefu, vipapasio vimenyooka, na hana kiuno. Malkia wa sisimizi ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Akishayang'oa, angalia kifua: kimetuna, kina alama za pale mabawa yalipokuwa. Kumbikumbi lakini usimtupe. Wajaze kwenye mfuko, wagandishe kwenye friza, na wafanyakazi wakishatoka unawapa mmoja mmoja kama nyama. Wale watakaobaki unajua mwenyewe kazi yake, kaanga na chumvi.

Chakula kingine ni tone la asali iliyochanganywa na maji, juu ya kipande cha foili. Nasema tone, la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, wasizame. Kombamwiko wa nyumbani usimpe, maana hujui jirani alipulizia dawa gani, na dawa ile inapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka inamfikia malkia. Wakishafika ishirini hivi, waongezee kiboksi cha plastiki cha kutembelea. Ukingoni mwa juu paka poda ya mtoto iliyokorogwa na spiriti ya hospitali, iache ikauke, mbali na jiko, inawaka. Wakipanda wanateleza. Mimi siku hizi sina deni la sukari.

Kasoro zake? Zipo. Kwanza ni mwepesi wa kuboa: mchana amelala, saa nne usiku ndiyo anaamka, na mwaka wa kwanza unaweza kuumaliza na wafanyakazi wachache tu. Mtoto wa miaka saba atamsahau kabla ya Ijumaa. Pili, watu wanaona vile vifuko vya kahawia ndani ya neli wanashangilia mayai makubwa. Si mayai, ni watoto waliojisokotea uzi wakisubiri kugeuka. Usivifungue uone kilichomo. Kuna mtu alinitumia video akivifungua kwa sindano, na nilishindwa kumjibu.

Maksi zangu: kwa urahisi tisa kwa kumi, kwa burudani tano, kwa gharama kumi kamili. Pheidole nampa nane ya burudani na sifuri ya majirani.

Haya, tuhesabu kidogo kabla sijazima. Moja, mbili... saba... kumi na moja. Na yule kule nyuma ya malkia, kumi na mbili. Wiki jana walikuwa tisa. Sasa taa inawasumbua, mnaona anavyobeba mtoto kumpeleka kwenye kona ya pamba. Soksi iko wapi? Asante. Narudisha kabatini, na msiniulize kesho wamefika wangapi, nitafungua Jumapili.