Toyota IST kama kitanda: Dar hadi Sumbawanga na kurudi

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtaishia aya ya kwanza. IST inalaza mtu mmoja vizuri, inalaza wawili kwa kuvumiliana, na kinachosumbua zaidi ni mizigo kuliko urefu wa gari. Nazungumzia IST ya zamani, ile ya injini ya 1NZ, otomatiki, iliyojaa mitaani kwetu. Nimetoka nayo Dar kwa njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma mpaka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,100 kwenda tu, nikilala ndani yake. Kwenda nilikuwa na mdogo wangu, jitu la futi sita. Kurudi nilikuwa peke yangu.

Kitanda chenyewe kinahitaji kazi. Ukikunja viti vya nyuma, migongo yake inabaki juu na buti inabaki chini, kwa hiyo katikati kuna ngazi inayokukata kiunoni. Halafu nyuma ya viti vya mbele kuna shimo. Nilikwenda kwa fundi makochi akanikatia sponji vipande viwili: kinene cha kuinua upande wa buti, na chembamba cha kutandika juu ya vyote. Shimo nililiziba kwa dumu la maji lililolazwa na begi la nguo. Kiti cha abiria unakisukuma mbele mpaka mwisho, mgongo wake unauinamisha, kisha unalala kimshazari. Mtu wa kimo cha kawaida ananyoosha miguu karibu yote.

Tukiwa wawili mpango ulikuwa mwingine. Viti vya nyuma vinajikunja kila kimoja kivyake, basi nilikunja upande wa nyuma ya dereva nikalala huko, na upande wa kushoto tukaacha kiti kisimame. Kiti cha abiria tulikitoa kile kiegemeo cha kichwa, tukakilaza mpaka kikakutana na kiti cha nyuma. Dogo alilala hapo, magoti juu, akilalamika mpaka Mbeya. Usiku wa pili alidai nimlipie gesti. Nikamlipia, nikabaki na gari lote.

Sasa mizigo. Kila jioni unahamisha vitu kutoka nyuma kwenda mbele, kila asubuhi unavirudisha, na jambo hili linachosha kuliko kuendesha. Kishawishi ni kurundika kila kitu kwenye kiti cha dereva. Usifanye. Kiti cha dereva kibaki kitupu na ufunguo ujue uko wapi, kwa sababu kuna usiku utahitaji kuondoka bila maelezo. Mimi ilinitokea kwenye sheli moja upande wa Morogoro. Jioni waliniruhusu, saa saba usiku akaja mlinzi mwingine anapiga kioo kwa rungu, eti bosi hataki. Kwa kuwa usukani ulikuwa wazi, niliwasha nikasogea mpaka kwenye loji iliyo mbele, wakaniuzia nafasi uani.

Mahali pa kuegesha ndiyo nusu ya safari nzima. Panapofaa ni pale malori ya transiti ya kwenda Zambia na Kongo yanapolala: kuna taa, kuna choo cha kulipia, kuna mama anayeuza supu na chapati alfajiri, na utingo wako macho muda wote. Makambako niliegesha katikati ya semi mbili. Mlinzi alikuwa amevaa kabuti mpaka magotini, akanimulika na tochi akauliza, "Kaka, unalala humo? Na baridi hii?" Nikampa hela ya chai, akaniambia nigeuze gari, pua itazame upepo. Alikuwa sahihi, mlango wa buti ulikuwa unavujisha upepo tangu jioni. Ndani ya hifadhi ya Mikumi usiwaze kabisa kusimama ulale. Pita mchana, heshimu matuta, na usome vibao vya faini za kugonga wanyama, zimeandikwa kwa dola.

Hali ya hewa itakuvuruga kwa sababu barabara hii ni kama nchi mbili. Ruaha Mbuyuni, chini kabisa kabla ya mlima Kitonga, ni joto na mbu. Ukishapanda, Iringa, Mafinga mpaka Makambako, ni blanketi mbili na soksi. Kote huko kioo kiache wazi upana wa vidole viwili. Ukifunga vyote, asubuhi vinatiririka maji kwa ndani na shuka limelowa. Kwa mbu nilikata chandarua kikuukuu, nikakibana kwenye fremu ya mlango kwa sumaku ndogo. Pazia ni vitenge. Na tafadhali, usilale injini ikiwa inaunguruma kwa ajili ya AC au hita, wala usiingize jiko la mkaa kupasha gari. Moshi ule una gesi ya sumu isiyo na harufu, na watu hawaamki.

Barabarani gari halikunisumbua. Kilomita 15 kwa lita kwenye tambarare, chini ya hapo ukipanda Kitonga nyuma ya lori lililobeba mafuta. Kushuka, toa gia kwenye D uweke ya chini, usiichoshe breki. Kwenye vijiji shika 50 hata kama barabara ni tupu. Tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, na nilipopita mimi faini ilikuwa shilingi 30,000, yaani zaidi ya chumba cha gesti nilichomlipia dogo.

Je, inalipa? Ukisafiri peke yako, ndiyo, hasa kama unapenda kuanza safari saa kumi na moja bila kumwamsha mhudumu akufungulie geti. Mkiwa wawili, tafuteni Probox, nyuma yake imenyooka zaidi na mizigo inabaki mahali pake. Mkiwa na mtoto, laleni gesti. Sponji yangu bado ipo, na mtu wa Ubungo ameshaniomba aiazime aende nayo Songea.