Jozi Moja ya Mlima Mzima: Skii Zipi Ununue

Nimezaliwa Moshi. Theluji niliiona asubuhi nyingi, mawingu yakiruhusu, ila kuigusa ni mpaka nilipohamia Denver, jimbo la Colorado kule Marekani, nikiwa na miaka thelathini na mbili. Nayasema haya mapema ujue mwongozo huu wa kununua skii, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, jozi moja ya kutumia popote mlimani, ni wa nani: mtu aliyejifunza kuteleza akiwa na magoti ya mtu mzima, ameshaacha kushuka kwa kutanua miguu kama jembe, anakwenda mlimani siku nane au kumi kwa msimu, na amechoka kukodi. Aliyelelewa kwenye theluji, kama Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya 2018 kule PyeongChang, hana haja ya maneno yangu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiuno. Kiuno cha skii ni upana wake pale chini ya buti, nao hupimwa kwa milimita. Muuzaji wangu alinishawishi kwamba Colorado ni nchi ya theluji laini kama unga, kwa hiyo nichukue milimita 108. Nikachukua. Msimu ule unga niliukuta mara mbili. Siku nyingine zote nilikuta njia zilizosawazishwa na mashine usiku, na saa sita mchana watu wameshazikwangua zimekuwa ngumu kama sakafu. Skii pana huchelewa kulala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kwenye sehemu ngumu anayelipa gharama hiyo ni goti. Nilikuwa nikirudi nyumbani napanda ngazi kinyumenyume.

Kwa hiyo usinunue kwa ajili ya siku unayoiota. Nunua kwa ajili ya theluji unayoikuta Jumamosi ya kawaida. Kwa wengi wetu wa Colorado hiyo ni milimita 84 hadi 96. Ukiwa Vermont, ambako barafu ni jambo la kila wiki, shuka chini ya 90 bila aibu. Ukiwa Utah unaweza kusogea mpaka 100. Zaidi ya hapo unazungumzia jozi ya pili, na jozi ya pili ni maradhi mengine.

Baada ya kiuno, angalia umbo. Ilaze skii sakafuni: katikati itainuka kidogo kama upinde. Ukisimama juu yake inalala, na ule ubishi wake wa kutaka kurudi ndio unaozibana kingo kwenye theluji ngumu. Kisha angalia ncha. Ikianza kuinuka mapema kama omo la dau, haizami kwenye theluji laini na inageuka bila ugomvi. Skii ya mlima mzima inataka vyote viwili. Ukiona ya dukani imeinuka mbele na nyuma mpaka upinde wa katikati hauonekani, iache hapo.

Halafu kuna bati. Nyingi za bei juu zina karatasi ya titanali ndani, ambayo licha ya jina ni aloi ya alumini. Bati hutuliza skii ikienda kasi isitetemeke, lakini huongeza uzito na ukaidi. Mtu wa kilo 60 anayekwenda taratibu atalibeba bati hilo siku nzima bila kulifaidi.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Rossignol Experience 86 Basalt. Najua wajuzi watacheka. Haina bati, nyuzi za basalti, yaani za mwamba, ndizo zinazofanya kazi ya kutuliza mtikisiko. Inashika vizuri kwenye njia ngumu, inakusamehe ukiegemea nyuma kwa woga, na kwenye vichuguu vya Mary Jane pale Winter Park, mlima wa kuteleza huku Colorado, ambako theluji imejaa matuta kama shamba lililovamiwa na mchwa, inapita bila kukutupa. Kwenye theluji inayofika magotini inazama, na siku hiyo utakodi nyingine. Matoleo ya misimu iliyopita ndiyo ya kuwinda, maana bei yake huwa imeshapoa.

Ya pili ni Nordica Enforcer 94. Hii ina karatasi mbili za bati, na unaisikia: imetulia kama lori lenye mzigo. Ukiwa na kilo 80 na zaidi, na unageuka skii zikiwa sambamba hata pakiwa na mteremko mkali, ipandishe iwe ya kwanza. Kwenye theluji iliyovurugwa na watu alasiri haina mfano katika orodha hii. Ila kuibeba begani kutoka maegesho ya mbali ni mazoezi tosha.

Elan Ripstick 96 naiweka ya tatu. Ya kushoto na ya kulia ni tofauti, na zimeandikwa hivyo, kwa sababu ukingo wa ndani umetengenezwa ushike na wa nje uachie. Nyepesi, inapenda kuchezacheza katikati ya miti. Kwenye kasi na barafu huanza kutetemeka, nami naanza kusali.

Head Kore 93 ni nyepesi pia, lakini mtikisiko wake unausikia zaidi mguuni. Ifikirie kama unapenda kupanda kwa miguu kutafuta theluji ambayo haijaguswa.

Ya mwisho ni Völkl Mantra, milimita 96, yenye fremu ya titanali pembezoni. Imeshika mkia kwangu kwa sababu inadai. Ukiisukuma inakupa, ukizubaa inakuchagulia njia. Ingekuwa mwongozo wa wanaoteleza siku arobaini kwa msimu, ningeigeuza orodha chini juu.

Urefu hauna siri kubwa: kati ya kidevu na utosi. Mimi nina sentimita 178, natafuta za 170 hadi 177. Mzito au mwenye kasi asogee juu, anayejifunza ashuke.

Pesa sasa. Marekani jozi mpya ya aina hii ni kama dola 600 hadi 850, na mara nyingi bei hiyo haina vifungio vya kulishika buti kwenye skii, ambavyo vitakula dola 200 au 300 nyingine. Machi na Aprili maduka huuza zile walizokuwa wakikodisha kwa majaribio, zikiwa na vifungio vyake. Hapo ndipo nilipopata zangu. Vuli kuna masoko ya mitumba ya skii. Kagua kingo zisiwe zimeng'oka, pitisha kidole pembeni uone kama tabaka zimeachana, hesabu matundu ya vifungio vya zamani. Na kama vifungio ni vikongwe, fundi atakataa kuvigusa, kwa sababu mtengenezaji havidhamini tena. Usivirekebishe mwenyewe. Nguvu ya kukuachia ukianguka hupangwa kwa uzito, urefu, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti lako. Ukikosea ni mfupa.

Hilo linanileta kwenye buti, ambalo ningelitaja mwanzo kabisa kama ungekubali kunisikiliza. Kama una dola 700 tu, nunua buti zuri lililopimwa na fundi, ukodi skii msimu mmoja zaidi. Soli za kisasa za GripWalk, zilizotengenezwa zirahisishe kutembea, haziingii kwenye kila kifungio, basi kabla ya kwenda dukani lipige picha buti pale kisiginoni penye urefu wa soli kwa milimita. Muuzaji atakuuliza namba hiyo kabla hajakuuliza jina.