Probox yangu ilikuwa inatetemesha stiaringi nikishika breki, kumbe shida ilikuwa nyuma ya diski

Mimi hubeba viazi kutoka Molo mpaka soko la Kibuye hapa Kisumu, gunia 7 za kilo 50 kwa Probox, na hiyo barabara mnaijua, unatoka huko juu kwa baridi unapita Kericho alafu unashuka Kapsoit, Awasi, Ahero mpaka huku chini ziwani, mita kama 1,130 tu juu ya bahari. Kwa hivyo breki kwangu si kitu cha kuahirisha.

Ilianza pole pole. Nikiwa 80 hivi nikikanyaga breki kidogo, stiaringi inatikisika kushoto kulia mpaka naisikia kwa viwiko, na pedali yenyewe inapigapiga chini ya kiatu kama moyo wa kuku ukimshika mkononi. Nikiachilia breki, kimya kabisa. Kila mtu akaniambia ni balansi ya tairi, nikalipa balansi mara mbili, hakuna kitu kilibadilika. Sasa hivi mtu akiniuliza huwa namwambia hivi, gari ikitetemeka ukiwa unaenda tu bila kugusa breki, hapo ndio uongee mambo ya tairi na balansi, lakini ikitetemeka ukishika breki peke yake basi anza na breki. Ukiisikia kwa stiaringi mara nyingi ni za mbele. Ukiisikia kwa kiti na sakafu, angalia nyuma, na Probox nyuma iko na dramu, so tafuta barabara tupu, mwendo mdogo, vuta handibreki taratibu huku umebonyeza kile kitufe, ikitetemeka hapo ujue ni nyuma.

Gereji ya kwanza niliyoenda ilinibadilishia diski mbili za mbele na pedi, 9,500 yote, na kwa ukweli gari ilitulia. Ikakaa kama kilomita 4,000 alafu ikarudi vile vile. Nikarudi kwao nikaambiwa, "Mama, hizo diski zimepinda, nunua zingine." Hata miezi mitatu haijaisha! Niliumia sana, hiyo ni pesa ya karo.

Siku moja nimepeleka mzigo Nakuru nikashuka Sachangwan hadi Salgaa gari ikitetemeka mpaka kijana wangu akashika dashibodi. Dereva mwenzangu hapo akanielekeza kwa fundi mmoja upande wa industrial area, na ndio sababu ya haya yote ninaandika. Huyu mzee hakuniuza kitu. Aliuliza kwanza, "Mama, hizi diski walipozifunga, ulikuwa hapo? Waliosha habu?" Mimi hata habu sikuwa naijua, kumbe ni kile chuma cha katikati ya gurudumu ambacho diski inakalia. Akatoa gurudumu, akarudisha nati akakaza diski vizuri, alafu akaweka kifaa kama saa ndogo yenye mshale, ncha yake imegusa uso wa diski, akazungusha diski kwa mkono pole pole. Mshale ukawa unaenda unarudi. Upande wa kushoto 0.12 ya milimita. Akasema ikipita 0.05 yeye hafungi gari.

Akaitoa diski akaniita nichungulie. Pale inapokalia habu kulikuwa na kutu imevimba kama ukoko wa ugali, akaipiga na brashi ya waya ikawa inadondoka vipande kwa katoni aliyotandika chini. Hiyo ndio ilikuwa inafanya diski mpya ikae upande kidogo sana, huwezi ona kwa macho. Alinielezea vizuri sana, kwamba diski ikiyumba inagusa pedi kila mzunguko mahali pamoja, kwa hivyo mwanzo husikii kitu, lakini baada ya kilomita elfu kadhaa hapo mahali panalika panakuwa pembamba, na tofauti ya 0.02 tu inatosha kukutetemesha. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo! So diski hazikuwa zimepinda, zilikuwa zimelika vibaya kwa sababu zilifungwa juu ya kutu.

Akasugua habu mpaka ikang'aa, akaskimu diski zote mbili, yaani akachonga uso wake kidogo uwe sawa, baada ya kupima unene na kulinganisha na ile namba ya mwisho iliyochongwa kwa diski yenyewe (ikiwa chini ya hiyo, usikubali kuskimiwa, nunua). Pini moja ya kalipa, ile inayobana pedi kwa diski, ilikuwa imekauka haitembei, akaisafisha akaipaka grisi ya breki, si hii grisi ya kawaida maana inavimbisha mpira. Akapima tena, 0.03. Nati akakaza kwa kuruka, ya huku na ya kule, na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa 103 Nm. Hapo nikakumbuka wale wa pancha hukanyaga spana na mguu mpaka gari inalia, tangu siku hiyo wakimaliza mimi hulegeza nakaza mwenyewe.

Nililipa 5,000. Kasoro ni kungoja, nilifika saa tatu asubuhi nikatoka saa kumi na nusu, na hakuna pahali pa kukaa mama wa watu na jua lile.

Kabla nitoke alinipeleka mwenyewe tukazoesha pedi, unatoka 60 unapunguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, kama mara nane, alafu unaacha zipoe ukiendesha. Na akanikataza kitu nilikuwa nafanya kila siku, kumaliza mteremko breki zimechemka alafu nasimama kwa roadblock nimekanyaga pedali ngumu, pedi inaacha alama yake kwa diski pale pale. Sasa nashuka na gia ya 2, nikisimamishwa naweka N na handibreki mguu nautoa.

Nimeenda kilomita 6,000 tangu hapo. Jumatano nimeshuka Kapsoit na gunia 7, nikashika breki kwa 80, kijana wangu alikuwa amelala na hakuamka.