Jaketi la nta kwa mtu wa pikipiki Dodoma: uzoefu wangu

Wanaolisifia jaketi hili huanza na mvua. Mimi naanza na upepo, maana Dodoma mvua ni ya msimu ila upepo tunao. Kati ya Juni na Agosti, ukitoka mjini alfajiri kwa pikipiki kuelekea Hombolo au Makutupora, sweta peke yake ni kujidanganya: upepo unaingilia kifuani na kutokea mgongoni. Kazi yangu ni ya mashamba ya zabibu, na kabla ya hapa nilishavaa koti la jinzi, la nailoni, na lile la plastiki linalouzwa barabarani. Sasa navaa jaketi la pamba lililopakwa nta, na sina mpango wa kulibadilisha.

Nililipata mitumbani. Belo la makoti lilikuwa limeshafunguliwa, watu wamechambua wameliacha. Ukilishika lina ubaridi, linateleza kidogo kwenye vidole, na linanuka kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Muuzaji aliamini limemwagikiwa kitu. "Kaka, hilo lina oili, hata ukifua haitoki. Nipe elfu kumi na tano uondoke nalo." Sikubishana naye. Lebo imefutika, limebaki neno kwamba limetengenezwa Uingereza.

Hiyo "oili" ndiyo jaketi lenyewe. Mabaharia wa kule walikuwa wakipaka matanga mafuta ili yasinywe maji, na matanga yakichakaa wanayakata kuwa makoti. Mafuta ya kitani yaliyotumika sana yalikuwa yakigeuka manjano na kukakamaa kwenye baridi, ndipo baadaye viwanda vikahamia kwenye nta. Barbour, kampuni ya Uingereza ya makoti haya, walianza mwaka 1894 huko South Shields, mji wa bandari. Kampuni nyingine, Belstaff, wakaja mwaka 1924 na kujijengea jina kwa waendesha pikipiki. Ukikutana na mojawapo ya majina hayo kwenye rundo, usilitupe chini kabla hujalikagua.

Kulikagua ni rahisi: lidondoshee maji ya chupa. Tone likiviringika na kuanguka, nta ipo. Likizama na kuacha doa jeusi, nta imekwisha, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alilifua kwa maji ya moto na sabuni. Tazama pia mabega, viwiko na mikunjo. Hapo ndipo hupauka kwanza. Kupauka si kasoro ya kukufanya uliache, ni ya kuombea punguzo.

Kwa upepo nalipatia alama zote. Kwa miiba pia. Huku porini ni migunga kila upande, na nailoni mwiba ukiishika inapasuka moja kwa moja, wakati pamba nzito mwiba unakwama, unauchomoa, unaendelea na safari. Limenichanikia kwenye senyenge ya shamba la watu, kipande kama kiganja kikaning'inia kiunoni. Fundi cherehani alilishona kwa uzi mnene huku analalamika kwamba sindano inanata na anapoteza muda wa sare za shule. Nikapaka nta juu ya mshono, na leo hata mimi napatafuta kwa kidole.

Kwa mvua, tuambiane ukweli. Manyunyu na mvua ya kupita linazihimili vizuri, na tofauti na plastiki, jasho halikulowanishi kwa ndani kiasi kile. Lakini zile za Januari zinazomwagika kwa kishindo, ukiwa mwendoni, maji yatapita kwenye mishono ya mabega na kwenye zipu. Hapo koti la plastiki linalishinda, na bado nalibeba chini ya kiti.

Nta ya kopo ya kupakia upya sijaiona kwenye maduka ya mjini, kwa hiyo natumia nta ya nyuki ya wauza asali wa Manyoni, nachanganya na mshumaa mweupe. Nta ya nyuki peke yake inanata mno, mshumaa peke yake unavunjikavunjika. Yeyusha kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja, maana inashika moto. Kwanza lifute jaketi kwa kitambaa na maji baridi bila sabuni, liache likauke kabisa, kisha paka nyembamba kwa kitambaa kikavu, ukikazania mishono. Wenzetu wa Ulaya humalizia na draya ya nywele. Mimi nalitandaza juu ya bati saa saba mchana, na jua la Dodoma linaipenyeza nta kwenye nyuzi bila bili ya umeme.

Jua hilohilo ndilo adui yake. Ikifika saa nne asubuhi huwezi kulivaa tena, na ukiliacha juani limekunjwa nta inalainika na kupaka chochote kilicho karibu. Usiliweke kwenye kiti cha gari la mtu. Likiwa limetoka kupakwa linakusanya vumbi jekundu la njiani hadi linabadilika rangi. Mke wangu amelipiga marufuku kabatini, linaning'inia kwenye msumari wa stoo, na kwa harufu ile simlaumu.

Jipya kutoka Uingereza linazidi pauni 200, sikushauri hata kidogo. Subiri mitumba, chukua lililokuzidi kidogo ili sweta iingie chini, na hakikisha zipu ni nzima. Zile zipu nene za shaba zinazofunguka juu na chini, mafundi niliowauliza hapa mjini hawana za kubadilishia.