Kumtuma mjomba, au kutandaza ramani mezani?
Nilitaka kutembea peke yangu kutoka Lushoto hadi Mtae, siku tatu au nne za kupanda na kushuka milima ya Usambara. Ruhusa ya wazazi ilikuwa na njia mbili.

Ya kwanza, mjomba. Mama humsikiliza sana kaka yake, na baba hapendi kumvunjia heshima shemeji. Ruhusa hutoka kabla chai haijapoa. Ila ruhusa hiyo ni ya mjomba. Ukiteguka mguu, lawama zote zake.

Ya pili, kukaa nao mwenyewe. Hii inachosha jamani. Nilitandaza ramani, nikawaonyesha usiku wa kulala Rangwi kwa masista, kisha Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi kuonekana chini. Msitu wa Magamba nitavuka na mwongozaji, hilo nililikubali. Baba akanyamaza, halafu: “Na simu ikiisha chaji?” Nikatoa pawabanki. Mama alishika viatu vyangu, akakunja soli kwa vidole, akavirudisha chini bila neno.

Ilinichukua jioni tatu, na bado nachagua hii. Mjomba nilimpigia baadaye, kuazima begi lake.