Gari dogo la 4x4 lililotumika: lipi litakupeleka Mgeta Jumamosi na kazini Jumatatu

Barabara ya Mgeta huanza kwa uungwana. Kutoka Morogoro mjini unafuata lami ya Iringa mpaka upande wa Mzumbe, unakunja, halafu milima ya Uluguru inaanza kukupandisha. Masika ikiwa imekolea, hapo ndipo utakapojua kama una 4x4 au una gari refu tu lenye tairi ya spea mlangoni. Hiyo spea ya mlangoni imeshawadanganya wengi.

Namwandikia mtu mwenye pesa ya gari moja. Siku tano za wiki yuko kwenye foleni na lami, anapeleka watoto shule. Mwisho wa wiki ana shamba, au ana wazazi Lushoto, au anapenda tu kwenda kule ambako Vitz hazifiki. Mwenye gari la pili nyumbani asome kuhusu Suzuki Jimny, namba 2 hapa chini, mengine ayaache.

Kabla ya majina, tuelewane kuhusu 4L, ile gia nzito. Ukiiweka, injini inazunguka sana na magurudumu yanazunguka polepole kwa nguvu nyingi. Watu huikumbuka wakati wa kupanda, ila mimi naithamini zaidi wakati wa kushuka: gari lina mizigo, udongo ni utelezi, korongo liko kushoto, na unashuka taratibu injini ikilizuia gari bila kukanyaga breki mpaka zinuke. Magari mengi yanayouzwa kama 4x4 hayana gia hiyo. Magurudumu yote manne yanavuta kweli, na kwenye tope la kawaida yanatosha, lakini mlima mkali wenye mawe huyaumiza.

1. Suzuki Escudo ya kuanzia 2005, injini ya lita 2.0

Nje ya Japani inaitwa Grand Vitara. Naiweka ya kwanza nikijua wapenzi wa Jimny watanisema. Bodi yake ni ya kisasa lakini ndani imechomelewa fremu ya ngazi (vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi), na springi za magurudumu yote zinajitegemea, kwa hiyo kwenye lami haikurushi kama gunia la mihogo. Magurudumu manne yanavuta muda wote. Kwenye dashibodi kuna swichi yenye 4H ya kawaida, 4H LOCK inayofunga difu ya katikati (ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), 4L LOCK ya gia nzito, pamoja na N. Ukiiona hiyo swichi, umepata ninayoizungumzia. Usipoiona, endelea kutafuta, maana zipo zilizotengenezwa bila gia nzito.

Watu watano wanakaa, buti linabeba magunia, na ukiwa Chalinze basi likikupita huyumbishwi. Injini yake, J20A, ina cc 1995, chini kidogo ya 2000, na hilo lina maana kwa anayeagiza kwa sababu ushuru wa bidhaa hupanda injini ikivuka hapo. Ile ya V6 ya lita 2.7 ni tamu, ila mafuta inayokunywa utayasikia mfukoni kabla ya mwisho wa mwezi. Ya lita 2.0 otomatiki itegemee kati ya kilomita 8 na 10 kwa lita, kulingana na mguu wako na foleni yako.

Ugonjwa wake ni cheni ya injini. Mwenye gari akichelewesha kumwaga oili, cheni inalegea. Nenda asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, na uliwashe mwenyewe. Ukisikia mlio kama wa shanga zinatikiswa ndani ya kopo, na ukaendelea kwa sekunde kadhaa, punguza bei kwa gharama ya cheni au ondoka. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hujafika ana sababu yake.

Escudo ya kabla yake, ya 1997 hadi 2005, ina chasisi halisi na ekseli nzima nyuma (chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu). Ni ngumu kuliko hii, lakini hata iliyo changa kuliko zote sasa imefikisha miaka 20. Nunua ukiwa na fundi unayemwamini, si vinginevyo.

2. Suzuki Jimny ya kizazi cha 1998 hadi 2018

Kwa porini peke yake hii ndiyo ya kwanza, tena kwa mbali. Uzito wake ni kama tani moja, ina chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, na 4L. Mahali ambapo Land Cruiser inazama kwa uzito wake, Jimny inapita juu ya tope kama mbuzi. Ikinasa, watu wanne wanaisukuma na safari inaendelea.

Kuna aina mbili, na wauzaji hawazitofautishi vizuri. JB23 ina injini ya cc 660 yenye turbo. JB43 ina ya cc 1300 bila turbo, na Japani huitwa Jimny Sierra. Kwa mtu anayesafiri barabara kuu, chukua JB43. JB23 ni nafuu na ndani ya mji inatosha kabisa, lakini ukiwa unatoka Dar kwenda Tanga utaona malori yanakuja nyuma yako kwenye kila mlima. Turbo nayo haitaki mchezo: oili kila kilomita 5000, bila visingizio.

Mambo mawili ya kukagua. La kwanza ni mtetemo. Ukifika kama kilomita 60 hadi 80 kwa saa, ukapita kwenye tuta dogo, usukani unaweza kuanza kucheza kama umeshika mashine ya kukoboa. Chanzo huwa ni beringi za kingi pini (pini ambazo magurudumu ya mbele hukunjia), bushi, au tairi zisizo na balansi. Inatibika, ila muuzaji atakuambia "ndiyo zilivyo". Si kweli. La pili ni habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, ambazo huunganishwa kwa mvuto wa hewa kupitia vimpira vidogo. Kimpira kikipasuka, taa ya 4WD inapepesa na magurudumu ya mbele hayavuti. Kimpira ni bei ndogo, kugundua tatizo ukiwa katikati ya tope ni bei kubwa.

Na kumbuka: milango miwili. Mama mkwe akikaa nyuma, kiti cha mbele kinakunjwa kila mara anaposhuka. Buti, viti vya nyuma vikiwa wima, linabeba mfuko mmoja wa sokoni. Ndiyo maana haikushika namba moja. Jimny mpya ya 2018 imerekebisha injini, sasa ni lita 1.5 kwa ile kubwa, lakini haikuongeza nafasi, na bei yake ya mtumba bado inauma.

3. Toyota Rush na Daihatsu Be-go

Ni gari moja lenye nembo mbili, la kuanzia 2006, cc 1495. Haina 4L, lakini ina 4x4 ya muda wote na kitufe cha kufunga difu ya katikati, tumbo liko juu, na fundi yeyote wa Toyota analielewa. Kwa mtu wa Goba au Madale, pembezoni mwa Dar, ambaye tatizo lake ni kilomita mbili za mwisho kufika nyumbani, pengine hili linamfaa kuliko yote yaliyotangulia. Tahadhari moja: zipo zinazovuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Soma kibati cha modeli: J210 ni ya magurudumu manne, J200 ni ya mawili.

Toyota Cami na Terios ya zamani ni kaka zao wadogo. Nyembamba, nyepesi, rahisi, zimezeeka. Kwa bajeti ndogo, sawa.

4. Toyota RAV4 ya 2000 hadi 2005

Spea zake zinapatikana mpaka kijijini, na ukitaka kuiuza haikai. Ni gari zuri la barabara ya vumbi na la mvua za kawaida. Mlimani hapana. Ile ya cc 1800, yenye ZCA kwenye kibati, ni ya kuvuta mbele tu. Unayoitaka inaanzia ACA.

Mitsubishi Pajero iO sijaipa namba. Kwa maumbile ingeshindana na Escudo, ina gia nzito na umbo zuri, lakini injini zake za GDI, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hazivumilii mafuta machafu, na sisi mafuta yetu tunayajua.

Siku ya kukagua

Rafiki yangu alinunua kwenye yadi moja gari lenye maandishi ya 4WD ubavuni. Tulipoliweka juu ya shimo la gereji hapakuwa na shafti ya kwenda nyuma. Stika ilikuwa imebandikwa. Tangu siku hiyo mimi huanzia chini. Kwa RAV4 tafuta propela shafti inayokwenda nyuma. Kwa Rush tafuta shafti za magurudumu ya mbele.

Ukiwa hapo chini, gonga chasisi kwa nyundo ndogo. Magari ya 4x4 ya Japani mengi yametumika kwenye theluji, ambako barabara humwagwa chumvi, na chumvi hula chuma. Sauti ikiwa butu, rangi nyeusi mpya imeficha kutu. Anayeagiza mwenyewe asome karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Halafu mwombe fundi afungue nati ya difu. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari hilo limeshavuka mto ambao mwenyewe hakukusimulia.

Tairi zote nne ziwe za saizi moja na zimechakaa sawa. Kwa gari la 4x4 ya muda wote, tairi mbili mpya na mbili vipara huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi kila sekunde, mpaka inakufa. Ukiwa na milioni 15, tafuta la milioni 12 na nusu. Iliyobaki ni ya tairi, oili zote, na bushi.

Jaribio la 4L, au la kufunga difu kwa gari lisilo na 4L kama Rush, lifanyie kwenye changarawe, usilifanyie kwenye lami kavu. Jimny haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiikunja kona kali kwenye lami ikiwa 4H, gia zinajifunga na unaweza kuvunja kitu ambacho bado si chako. Tafuta mwinuko wa udongo, panda, simama katikati, kisha anza tena. Muuzaji akikuambia hakuna haja ya mwinuko kwa sababu siku hizi lami ipo kila mahali, mshukuru, panda daladala.